Tiba ya pili: wasiwasi, huzuni na kazi zisizoanzika, nilivyoyapitia Lubumbashi

Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye tayari amekubali kwamba anahitaji msaada wa mwanasaikolojia, akaenda, akalipa, akajitahidi, na bado akarudi nyumbani akiwa vilevile. Mtu wa namna hiyo mara nyingi huamua kwamba tiba ya mazungumzo haina maana, au kwamba yeye mwenyewe hatibiki. Mimi nilikaribia sana kuamua hivyo. Ni mwalimu wa sekondari hapa Lubumbashi, nafundisha historia na jiografia, na kwa muda mrefu nilisumbuliwa na mambo matatu yaliyoshikamana: wasiwasi ulionikamata hadi mwilini, huzuni iliyoninyima hamu ya kila kitu, na kushindwa kuanza wala kumaliza kazi ambazo zamani nilizifanya bila shida. Tiba ya kwanza ilishughulikia jambo moja kana kwamba mengine hayapo. Ya pili ilianza kwa kutafuta jinsi yote matatu yanavyolishana katika maisha yangu mimi, na tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Dalili zilianzia mwilini. Usiku wa manane moyo ulikwenda mbio, viganja vikawa baridi, kifua kikabana, nikaamka nikiamini kwamba nakufa. Kama wengi wetu nilianzia katika kituo cha afya cha mtaani, Katuba, nikapimwa malaria na homa ya matumbo, nikapewa dawa za magonjwa yote mawili. Hali iliporudi nikapimwa tena, kisha presha, kisha umeme wa moyo katika hospitali nyingine. Sidharau vipimo, na ninamshauri kila mtu aanze navyo. Daktari mmoja makini aliagiza pia damu ichunguzwe ili kuona kama nimepungukiwa damu na kama tezi ya shingoni inafanya kazi sawasawa, kwa sababu tezi hiyo ikizidisha kazi huleta moyo wa mbio, kutetemeka na kukosa usingizi, na hapo hakuna mazungumzo yatakayomponya mtu. Majibu yalikuwa mazuri. Kinachomaliza fedha ni kurudia vipimo vilevile kila hofu inaporudi, kila mara mahali papya ambapo hakuna anayejua majibu ya awali. Zihifadhi karatasi zako zote katika bahasha moja na uende nayo kila unakokwenda. Fedha zilizopotea kabla sijajua hilo zingenunua mifuko kadhaa ya unga, na katika nyumba za hapa kwetu mfuko wa unga ndio kipimo cha kweli cha gharama.

Kuna jambo jingine la kutahadharisha katika hatua hii. Dawa za kutuliza kama diazepamu hupatikana kwa urahisi mno katika maduka ya dawa, na jirani mwenye huruma atakupa kidonge chake bila kusita. Huleta usingizi usiku huohuo, na ndiyo sababu watu huzipenda. Lakini zikitumiwa kwa majuma mfululizo mwili huzizoea, dozi hudai kuongezwa, na kuziacha ghafla kunaweza kuwa hatari. Anayezitumia tayari asizitupe kwa ghadhabu, bali amwone daktari ili azipunguze taratibu.

Nyumbani hapakuwa na amani kuhusu suala hili. Mchungaji wetu aliniombea, na namshukuru kwamba hakuniambia nichague kati ya sala na hospitali. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliyenisomesha baada ya baba kufariki, alikataa katakata: kwake mwanasaikolojia ni mambo ya wazungu, na mwanamume mwenye watoto hapeleki siri za nyumba kwa mtu baki. Sikubishana naye, kwa kuwa kwetu mdogo habishani na mkubwa wake, lakini siku moja nilimsimulia utafiti uliofanyika katika nchi yetu hii ya Kongo, huko Kivu, na kuchapishwa mwaka 2013 katika jarida la The New England Journal of Medicine. Wanawake waliotendewa ukatili wa kingono walipewa tiba ya utambuzi, ile ya kuchunguza na kubadili mawazo, katika vikundi, ikiongozwa na wasaidizi Wakongomani waliofunzwa, si madaktari bingwa, na walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopata usaidizi wa kawaida wa mtu mmojammoja. Yaya alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama tiba hiyo inawafaa na wanaume. Tangu siku hiyo alikuwa akichangia nauli.

Aibu ya kuonekana nayo ilikuwa nzito. Mji wetu una kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, daktari Mbelgiji wa karne ya 19, kinachoendeshwa na shirika la kitawa la Frères de la Charité, na wengi huamini kwamba anayeingia lango la mahali kama hapo ni mwenye wazimu tu. Si kweli. Wanaokwenda kutibiwa kifafa, kukosa usingizi, huzuni na hofu ni watu kama sisi, na wengi wao hurudi kazini siku hiyohiyo. Mimi hatimaye nilihudumiwa kwingineko, lakini ninasikitika ninapowaza ni wangapi wanaoteseka kwa sababu ya jina baya ambalo lango hilo limepewa mitaani.

Mwanasaikolojia wa kwanza alikuwa mwenye adabu na elimu, na alikuwa na mpango uliokwisha kuandaliwa kabla hajanijua: kwanza mazoezi ya kupumua, kisha kulegeza misuli, kisha kujaza jedwali la mawazo, lenye nafasi ya tukio, wazo lililokuja, hisia iliyofuata, na ushahidi wa kulipinga wazo hilo. Njia hiyo hutokana na kazi ya Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyeanza kuijenga tiba ya utambuzi miaka ya 1960, na imewasaidia watu wengi mno. Lakini tazama jedwali hilo linadai nini. Linadai ukumbuke katikati ya siku kwamba lipo, uache unachofanya, utafute kalamu, upange mawazo kwa utaratibu, uandike hadi mwisho, ulihifadhi, na ulilete siku ya miadi. Hayo yote ni kazi ya ule uwezo wa akili wa kujiongoza: kushika jambo akilini huku ukilifanyia kazi, kujizuia, na kubadili mwelekeo panapohitajika. Ndio uwezo uliokuwa umenitoka. Nilirudi na majedwali matupu, nikaambiwa kwamba sijawa tayari kupona, na kwa kuwa huzuni hupenda kuamini kila neno baya, niliamini. Hakuna aliyeuliza kwa nini karatasi hazijazwi. Nikaacha kwenda.

Wa pili nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Alikuwa mwanamke aliyenizidi utulivu ingawa si umri. Mimi nilimwita Mama, yeye akaniita Mwalimu, na heshima hiyo ilinisaidia kukaa kitini. Swali lake la kwanza lilikuwa ningependa kuzungumza kwa lugha gani. Nilianza kwa Kifaransa, lugha ya kazi yangu, na baada ya muda nikasikia kwamba ninatoa taarifa kuhusu nafsi yangu kama ninavyotoa taarifa za mwanafunzi katika kikao cha walimu. Nilipohamia Kiswahili nililia. Mwulize mtaalamu wako mapema kama anaruhusu hilo, maana si wote wanaouliza.

Vikao vya mwanzo havikuwa na tiba yoyote niliyoitambua, bali maswali matupu, na nilikereka kulipia maswali. Leo nahesabu kwamba hakuna fedha nyingine katika safari hii iliyotumika vizuri kuliko hiyo. Aliuliza kuhusu usingizi, kahawa, pombe, madeni, ndoa. Aliuliza kuhusu utoto wangu, na kwa idhini yangu akampigia simu mama yangu mzazi aliyeko Likasi ili ajue nilikuwaje shuleni. Mama mzazi alieleza kwamba nilikuwa mtoto wa kupanga madaftari na kumaliza kazi kabla ya wote. Jibu hilo lilibadili njia nzima. Kuna watu ambao ugumu wa kupanga, kutulia na kumaliza kazi umekuwa nao tangu utotoni. Vigezo vya kuitambua hali hiyo, iitwayo ADHD, hudai kwamba dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, na watu hao huhitaji mpango tofauti, wakati mwingine na dawa tofauti. Kwangu ugumu ulikuja pamoja na wasiwasi na huzuni, kwa hiyo palikuwa na sababu ya kutarajia kwamba ungepungua navyo. Kama una mzazi au mlezi aliye hai, au buletini zako za zamani, yaani ripoti za shule, vitaje mapema.

Alinipa pia hojaji mbili fupi ambazo ningezijaza mara kwa mara hadi mwisho. Ya kwanza, PHQ-9, ina maswali 9 kuhusu huzuni katika majuma mawili yaliyopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu ikiwa 27. Ya pili, GAD-7, ina maswali 7 kuhusu wasiwasi, na jumla yake ya juu ni 21. Swali la mwisho la PHQ-9 huuliza kama katika majuma hayo umewaza kwamba ingekuwa heri ufe, au kujidhuru. Niliweka alama kwenye jibu la kwamba wazo hilo lilinijia baadhi ya siku. Mwanasaikolojia aliweka kalamu chini akaniuliza waziwazi, bila kuzungukazunguka, kama nimepanga njia, kama nina kitu nyumbani, na nani anajua. Nilikuwa sijamwambia mtu. Kuulizwa hivyo hakukunipandikizia wazo hilo; kulinipunguzia uzito wa kulibeba peke yangu. Siku hiyohiyo tulimpigia simu mke wangu, tukakubaliana kwamba dawa zote za nyumbani zitakuwa mikononi mwake na kwamba wazo likizidi nguvu nitaamsha mtu, hata usiku wa manane, kisha twende hospitali. Ninaomba sana asomaye hapa asilifiche jibu la swali hilo.

Kisha akachora. Alinitaka nisimulie Jumapili moja jioni, dakika kwa dakika, naye akaandika kwa mishale. Ninaona rundo la karatasi za mitihani, kifua kinabana, ninajiambia nitaanza umeme ukirudi, hofu inashuka mara moja, na nafuu hiyo ndogo inanifunza kuahirisha tena. Umeme haurudi. Jumatatu rundo limekua, prefe, mkuu wetu wa shule, anauliza alama, ninatoa ahadi, naona aibu, ninazima simu. Simu ikizimwa sisikii habari za ndugu, nao wananiona mwenye kiburi. Nalala mchana, usiku sipati usingizi, na asubuhi akili iliyochoka haiwezi hata kuchagua ianze na darasa lipi. Nilipouona mchoro huo nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba sikuwa na magonjwa matatu yanayohitaji tiba tatu. Mlolongo ulikuwa mmoja, na mlango wake ulio rahisi kufunguka haukuwa mawazo yangu wala kupumua kwangu. Ulikuwa rundo la karatasi.

Kwa hiyo tulianzia hapo, na tulianza mbele ya macho yake. Aliniomba nilete bahasha ya darasa moja kikaoni, nikasahihisha karatasi ya kwanza nikiwa nimeketi pale ofisini mwake, huku akiuliza mwili unahisi nini. Mikono ilitetemeka. Kufikia karatasi ya tatu ilikuwa imetulia. Kwa mtu ambaye akili yake imekwama, kazi ya nyumbani inayoanzia nyumbani huwa imechelewa. Iliyoanzia kikaoni ina nafasi ya kuendelea.

Mipango yetu iliandikwa kwa namna ya ikiwa na basi, mbinu iliyochunguzwa na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, aliyeandika juu yake mwaka 1999: hufungi kazi na nia tu, unaifunga na tukio ambalo litatokea hata usipolifikiria. Nikimaliza chai ya alfajiri, basi nitafungua bahasha na kusahihisha karatasi tatu, kisha nitaifunga hata kama nina nguvu ya kuendelea. Alfajiri ilichaguliwa kwa sababu ya SNEL, shirika letu la umeme. Mpango wowote uliotegemea taa ya jioni ulikuwa umeshindwa kabla ya kuanza, na mpango wa kitabuni usiojua kukatika kwa umeme wa Lubumbashi hauwezi kunisaidia. Yale majedwali ya mawazo hayakufutwa. Yaligeuka kuwa ujumbe mfupi wa sauti niliojirekodi kwenye simu baada ya tukio, nao tuliusikiliza pamoja.

Hofu ya prefe ilishughulikiwa kwa ngazi. Kwanza kumsalimu bila kukimbia, kisha kubaki ofisini mwake kwa swali dogo, hatimaye kumweleza kwamba natibiwa na kuomba tarehe za alama zigawanywe kwa madarasa badala ya kuja zote kwa pamoja. Kila hatua ilirudiwa hadi mwili ukachoka kuogopa. Si kila mkuu wa shule atapokea habari hiyo vizuri, na sisemi kila mtu aseme kazini. Tulipima kwanza pamoja ningepoteza nini akikataa. Alikubali.

Baada ya vikao kadhaa alama za wasiwasi zilikuwa zimeshuka vizuri, lakini za huzuni zilikuwa palepale. Hapa ndipo nilipoona faida ya hojaji, kwa sababu kwa maneno nilikuwa nikimwambia kila juma kwamba naendelea vyema. Aliniwekea karatasi mbele akasema mpango wetu umefanya nusu ya kazi, hivyo tuubadilishe. Tuliorodhesha mambo niliyokuwa nimeyaacha mwaka ule: kwaya, kutembea na watoto Jumamosi, kumtembelea mama mzazi. Nilitakiwa kuyarudisha kidogokidogo kabla hamu haijarudi, maana katika huzuni hamu hufuata tendo, haitangulii. Aliniomba pia nikutane na daktari wa akili. Daktari huyo aliniandikia fluoksetini, dawa ya huzuni, akanieleza kwa uwazi kwamba huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, kwamba siku za mwanzo wasiwasi unaweza kuongezeka kidogo, na kwamba nisiiache peke yangu nikijisikia vizuri. Bila maelezo hayo ningeiacha katika juma la kwanza, maana kweli nilitetemeka zaidi. Dawa haikuchukua nafasi ya mazungumzo. Ilinipa nguvu ya kuyafanya tuliyokubaliana.

Mke wangu alikuwa amechoka. Kwa miezi alikuwa ndiye kumbukumbu yangu, akinikumbusha kila kitu, na kila kumbusho likawa ugomvi. Alialikwa katika kikao kimoja, akaruhusiwa kusema hasira yake yote, na hilo peke yake lilikuwa tiba kwa nyumba. Tulitoka na makubaliano kwamba atauliza swali moja tu jioni, la kama bahasha imefunguliwa, na kwamba jibu lolote halitafuatiwa na hotuba. Ninawasihi wenye wagonjwa wa namna hii waombe nafasi hiyo, kwa sababu anayemtunza mtu asiyeweza kuanza kazi huchakaa bila mtu kumwona.

Kuhusu malipo, nilisema ukweli mwanzoni: mshahara wa mwalimu unachelewa, na hata ile prime ya wazazi, nyongeza wanayotuchangia wazazi wa wanafunzi, haiji kwa siku maalumu. Tulikubaliana vikao viwe vya kila juma mwanzoni, kisha viachane, na kwamba nikikosa fedha nitume ujumbe badala ya kutoweka. Wengi hutoweka kwa aibu ya deni, nao mtaalamu hudhani wamepona. Asiyemudu kabisa asidhani mlango umefungwa: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mpango uitwao Problem Management Plus, wa vikao vitano tu, ulioundwa ili utolewe na wasaidizi waliofunzwa wasio wataalamu. Ulizia katika vituo vya afya, mashirika na makanisa kama kuna waliofunzwa.

Kabla ya kumlipa mtaalamu yeyote kwa mfululizo wa vikao, mimi sasa ningemwuliza atajuaje kwamba napata nafuu, na atafanya nini nisipoipata. Kisha ningesikiliza kama jibu linanihusu mimi au linahusu mpango wake. Ningemweleza pia waziwazi kwamba kazi za nyumbani hunishinda, na ningetazama anavyolipokea hilo. Anayelaumu mapema ataendelea kulaumu.

Hali ilirudi nyuma mara moja, baada ya matanga ya mjomba, nilipokosa usingizi siku nyingi na michango ikala akiba yote. Karatasi zililala tena. Safari hii tulijua pa kuanzia, na kupanda tena kulikuwa kwepesi kuliko mwanzo. Tuliandika dalili zangu za mapema, ambazo kwangu ni kuzima simu, kulala mchana na kuruka kwaya, pamoja na hatua ya kwanza kwa kila moja. Nakala moja anayo mke wangu, nyingine anayo yaya. Alama zangu sasa ziko chini katika hojaji zote mbili, dawa bado naitumia chini ya daktari, na vikao vimebaki vile vya kabla ya vipindi vigumu vya mwaka: kabla ya mitihani ya Juni, na kabla ya shule kufunguliwa Septemba. Cha Septemba nimekwisha kukilipia.